Mukate wa Tini

Hapa kwetu Kenya wazee wanakumbuka: wakati wa Gécamines, mutoto wa mutumishi akipata homa, mama alimupeleka ku hopitali ya kompani bila kulipa kitu. Mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10 000 waliacha ile kazi. Leo tunaogopa fakture. Tunanunua vinini viwili-vitatu ku soko, tunaomba, tunangojea. Na siku tunafika kwa munganga, vile vinini tunavificha kwa haya.

Kumbe malaria haingojee. Mutoto mudogo inaweza kumuua ndani ya siku moja tu. Na munganga asiyejua kile mutoto alikunywa, atamupa dawa gani?

Usiseme: "Miye niko na imani, dawa ya nini?" Soma 2 Wafalme 20. Hezekia alilia mbele ya Mungu, na Mungu akamusikia. Lakini Isaya aliagiza tena mukate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Sala na dawa, vyote viwili.

Mama, baba, mwili wa mutoto ukiwaka leo, umupeleke leo. Kwa munganga useme yote. Na franga zikikosa, piga hodi kwa shemasi, hata usiku.