Nani Kasema Qatar Inaisha kwa Siku Moja?

Familia ya Afrika Mashariki inayoishi Doha ikitarajia wageni kutoka nyumbani, ratiba hujulikana kabla ndege haijatua: Souq Waqif, matembezi ya Corniche, halafu Villaggio, lile jumba la maduka lenye mfereji ndani na vijiboti vya kuigiza Venice. Mgeni akiuliza kama hakuna safari ya gari ya siku mbili tatu, watu hucheka. Safari ya kwenda wapi? Nchi yenyewe ukikanyaga mafuta kidogo tu umeshafika mpakani!

Maneno haya husemwa kwa uhakika wa ajabu, na mara nyingi msemaji mwenyewe hajawahi kuvuka mji wa Al Khor, kaskazini. Kweli, kutoka ncha ya kaskazini hadi mpaka wa kusini ni kama kilomita 160 tu. Lakini tangu lini uzuri wa safari ukapimwa kwa uchovu wa dereva? Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, na kituo ambacho watoto hukikumbuka ni Mtito Andei: chai, choo, haya rudini garini. Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Huko barabara ndiyo inayokula likizo. Qatar, mtoto hajaanza hata kuuliza "tumefika?" na tayari anashushwa, siku nzima iko mbele yake. Udogo unaobezwa ndio mtaji wenyewe.

Chukua upande wa kaskazini. Al Thakira, jirani na Al Khor, kuna mikoko, na mti wake ni mchu, ule ule wa Lamu na delta ya Rufiji, ila hapa umedumaa kidogo. Watu hukodi mitumbwi midogo na kupiga kasia katikati yake maji yakijaa. Mzazi mwenye kujua historia hapo hana haja ya kubuni hadithi: mapaa ya nyumba za kale za Ghuba yalishikiliwa na boriti za mikoko, nyingi zikiwa zimekatwa Rufiji na Lamu, zikapakiwa majahazini na kupelekwa kaskazini kwa upepo wa kusi.

Mwendo mfupi kutoka hapo kuna miamba ya Al Jassasiya yenye michoro ipatayo 900: majahazi yenye makasia, na safu za vishimo vya duara vilivyopangwa viwili viwili. Wataalamu wamebishana kuhusu umri wake na kazi yake, na mojawapo ya maelezo ni kwamba vishimo hivyo vilikuwa vya mchezo wa jamii ya bao. Safu ni mbili, si nne kama za bao la Kiswahili, lakini mpe mtoto wa Unguja kokoto uone kama atasubiri mwongozaji.

Al Zubarah ndipo uvivu wa wageni unapoonekana waziwazi. UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2013. Watu hufika, wanapiga picha mbele ya ngome, wanageuza gari. Ngome hiyo ilijengwa mwaka 1938! Mji wenyewe, uliotajirika kwa biashara ya lulu na ukashambuliwa na kuchomwa mwaka 1811, uko mbele kidogo kuelekea baharini, na asiyeshuka kutembea kwenye magofu yake hajauona. Kisha mtu huyo huyo anarudi Doha kutangaza kwamba hakuna cha kuona.

Magharibi, rasi ya Brouq karibu na Zekreet, upepo umechonga mawe ya chokaa yakawa kama uyoga. Hapo ndipo mchongaji Richard Serra aliposimamisha vyuma vyake vinne mwaka 2014, kila kimoja kikipita mita 14, katika mstari wa zaidi ya kilomita moja. Wapo wanaovidharau. Watembee kwanza kutoka cha kwanza hadi cha mwisho.

Kusini nchi "ndogo" inageuka kubwa ghafla. Baada ya Mesaieed lami inakwisha, na kufika Khor Al Adaid, ambako bahari imejipenyeza katikati ya vilima vya mchanga, kunahitaji gari la magurudumu manne, matairi yaliyopunguzwa upepo, na dereva anayeijua njia. Ng'ambo ya maji ni Saudi Arabia.

Vikwazo vipo. Kati ya Mei na Septemba joto halimruhusu mtu mwenye akili kupiga hema. Ufukwe wa Fuwairit hufungwa msimu ng'amba wanapotaga, kuanzia Aprili. Na Waafrika Mashariki wengi wa Doha hufanya kazi siku sita kwa wiki, wala mshahara wao haufikii kiwango cha kuruhusiwa kuishi na familia. Kwao kinachokosekana ni muda na fedha, na hakuna haki ya kuwalaumu. Ijumaa yao moja inatosha basi la kwenda Al Khor na kurudi. Wa kulaumiwa ni mwenye gari, likizo na watoto, ambaye kila Desemba hukata tiketi za ndege kwenda Dubai. Mwezi huo huo hewa ya Qatar ni nzuri, shule za Kenya zimefungwa kwa hiyo binamu wanaweza kuja, na tarehe 18, Siku ya Taifa, ofisi hazifunguliwi.