Wenye Kazi, Msiwachoshe Vijana kwa Usaili Usiokwisha

Hapa Kasongo, Kabambare na Maniema nzima liko jambo linalowamaliza vijana wetu polepole, nasi wazazi tumelizoea mno. Kijana anaomba kazi ya ofisi mwezi wa pili, na mwezi wa nane bado anaitwa: leo testi, kesho mahojiano, keshokutwa mahojiano mengine na mkubwa ambaye hakuwapo mara ya kwanza. Hakuna anayemwambia ndiyo wala hapana. Akilalamika, sisi wenyewe tunamjibu kwamba subira huvuta heri.

Nitashika kazi moja tu, ya mchambuzi wa takwimu, kwa sababu ndiyo inayotafutwa sana na wahitimu wetu. Mashirika ya misaada yanamhitaji mtu huyu. Yeye ndiye anayepokea hesabu za familia zilizokimbia vijiji, bei za mihogo na mpunga sokoni, orodha za watoto wenye utapiamlo, akazipanga na kuzisoma ili wakubwa waamue msaada uende wapi. Ni kazi ya heshima. Tena nafasi za kazi zenye mshahara wa mwezi zimepungua kwetu. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, uliokuwa wa kampuni ya Banro ya Kanada, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwanzoni mwa mwaka 2016, na mwaka 2019 kampuni ikasimamisha shughuli kwa sababu ya usalama. Tangu hapo tangazo la shirika la misaada likibandikwa ukutani, vijana hulizunguka hadi giza liingie.

Hebu tuhesabu gharama ya kuomba tu. Barua, CV, nakala ya diplome, nakala ya kadi ya mpiga kura, kadi ya ONEM, yaani ofisi ya taifa ya ajira, cheti cha mwenendo mwema. Kila karatasi ina fotokopi yake, na mashine ya fotokopi inaendeshwa kwa jenereta, kwa hiyo bei inapanda pamoja na mafuta. Muhuri nao una bei yake. Bahasha ikishafungwa, safari inaanza: pikipiki kutoka Kabambare hadi Kasongo, na ikiwa usaili uko Kindu, kutoka Kasongo ni zaidi ya kilomita 200 nyingine, kwa barabara ambayo masika huimeza. Kijana analala kwa ndugu, anahojiwa nusu saa, anaambiwa, "Rudi nyumbani, tutakupigia." Baada ya wiki kadhaa anapigiwa kweli, aje tena.

Safari ndefu si ngeni kwetu: karne ya 19 Kabambare ilikuwa kituo cha misafara kati ya Ujiji na Kasongo. Biashara ile ilichafuliwa na utumwa, na sina neno la kuisifia. Lakini hata katika misafara ile, mpagazi wa kuajiriwa alipatana ujira wake kwanza, na njiani alipewa posho ya chakula. Leo tunamtaka mtoto wa mkulima atembee safari nzima bila posho, bila mapatano, wala kujua itaishia wapi.

Wenye kazi watasema wanahitaji muda ili wamjue mtu. Nawajibu kwamba uchambuzi wa takwimu ni kazi isiyofichika. Mpe mwombaji kompyuta na jedwali la Excel lenye mistari 200, na ndani yake panda makosa: familia moja iliyoandikiwa watoto 45, bei ya kilo ya mchele iliyowekwa kwa dola badala ya faranga, jina la mahali kama Salamabila lililoandikwa kwa namna tatu hata mashine ikadhani ni vijiji vitatu. Mwambie atafute kaya zilizo na njaa zaidi, kisha akueleze kwa mdomo alifikaje kwenye jibu lake. Kabla ya saa sita za mchana utakuwa umemjua. Aliyeghushi diplome atakwama palepale kwenye wale watoto 45.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter wa Marekani walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 juu ya uchaguzi wa wafanyakazi. Walikuta kwamba kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe, na kumhoji kwa maswali yaliyopangwa, ni miongoni mwa njia zinazotabiri vizuri zaidi kama ataiweza. Kampuni ya Google nayo, tajiri kuliko mashirika yote yaliyowahi kufika kwetu, ilichunguza usaili wake wenyewe ikaona kwamba mahojiano manne yanatosha kuamua kwa uhakika wa asilimia 86. Ya tano na kuendelea hayaongezi kitu cha maana. Ikiwa Google imeridhika na manne, ofisi yenye vyumba vitatu mjini Kasongo inatafuta nini kwenye ya saba?

Na sheria imekwisha kuwapa wenye kazi kinga yao. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamruhusu mwajiri kumchukua mtu kwa majaribio: mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, na hadi miezi sita kwa wafanyakazi wengine. Katika majaribio hayo mtu anafanya kazi, analipwa, na asipofaa anaondoka. Kwa hiyo anayemzungusha kijana miezi sita bila senti amechukua majaribio yale ya sheria na kuyageuza ya bure. Kibaya zaidi ni wale wanaompa mwombaji takwimu halisi za mradi, wakamtaka aandike ripoti nzima kwa siku mbili, kisha wakanyamaza. Huko ni kula jasho la mtu, na tuseme hivyo waziwazi.

Wapo wanaojitetea kwamba hatua nyingi huzuia undugu na ukabila. Mimi naona kinyume chake. Kila hatua ni mlango, na kila mlango una bawabu anayeweza kunyoosha mkono. Septemba 2020 waandishi wa habari walitoa ushuhuda wa wanawake 51 wa mji wa Beni, wakati wa mlipuko wa Ebola. Wengi walieleza jinsi wanaume waliojitambulisha kuwa wafanyakazi wa mashirika ya misaada walivyowataka kimwili ili wapate kazi. Mwombaji anayengoja bila tarehe na bila jibu ndiye rahisi kuonewa, kwa kuwa hajui kama bado anahesabiwa. Haki inalindwa na maswali yaleyale kwa wote, alama zinazoandikwa, na majina yanayobandikwa ukutani.

Sasa niseme nanyi, wanangu. Mkiitwa mara ya kwanza ulizeni kwa adabu: hatua ni ngapi, jibu litatoka lini, na nauli ni ya nani. Swali hilo si utovu wa heshima. Mkipewa kazi ya majaribio, andikeni jina lenu kwenye kila ukurasa na mbaki na nakala. Msimlipe mtu yeyote fedha ya kuingizwa kazini. Binti ukiitwa usaili wa usiku, au kwenye chumba cha hoteli, usiende, na umwambie mzazi au mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo. Wala msiache shamba likaota majani, au darasa mnalofundisha, kwa sababu ya simu inayosubiriwa. Kungoja huku mkono unafanya kazi kunavumilika. Kungoja mtu amekaa barazani kunamvunja moyo.

Nanyi wakuu wa mashirika, wa nje na wa hapa kwetu, ombi langu ni dogo na halihitaji fedha ya mfadhili mpya. Tangazo mtakalobandika Kabambare mara nyingine liandikwe tarehe ya jibu. Hatua ziwe mbili: testi ya asubuhi moja, na mahojiano siku hiyohiyo au kesho yake. Anayetoka mbali arudishiwe nauli. Na wale watakaokosa, watumieni ujumbe wa simu wa maneno machache kuwaambia kwamba wamekosa, ili waendelee na maisha yao.