TUSINUNUE KOMPYUTA MPYA YA KUNASIA SAUTI

Katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanywa hapa shuleni muhula uliopita, kaka mmoja alisimama akatoa shauri kwamba zichangwe fedha za kukinunulia Chama cha Muziki kompyuta mpya. Makofi yakapigwa. Nami nilipiga, maana nilikuwa nyuma kabisa nikipanga viti, na si adabu kukunja mikono watu wazima wanapokutakia mema. Walakini tangu siku ile nimefikiri sana, na sasa naomba kusema machache, kwa heshima, kuwapinga kaka zetu. Nia yao ni njema. Ila dawa waliyoitaja siyo ya ugonjwa tulio nao.

Kwanza niueleze ugonjwa wenyewe. Kompyuta mpakato ya Chama ni ya mwaka 2013. Twaitumia kunasa sauti za kwaya, ngoma na adungu, maikrofoni nane kwa mara moja. Kila Jumamosi mambo huwa yale yale. Mwalimu huinua mkono, kwaya huanza, na kabla ya kufika ubeti wa tatu mashine hukwama, yakatokea maandishi kwenye kioo kusema kwamba diski imeshindwa kufuata. Twaanza tena. Watoto wa Senior 1 huchoka, sauti za juu huanza kushuka, na wimbo uliokuwa mtamu saa nne huwa kama uji wa jana ifikapo saa sita.

Wengi wetu husema, "Mashine imezeeka." Hayo ni maneno ya mtu asiyepiga hesabu. Hebu tuipige. Sauti ya maikrofoni moja hupimwa mara 48,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa baiti 3. Hizo ni baiti 144,000 kwa sekunde. Zidisha kwa maikrofoni nane, utapata megabaiti 1 na kitu kidogo. Diski yetu hii kuukuu, ikipewa kazi moja ya kuandika mfululizo, yaweza kuandika megabaiti 80 kwa sekunde bila kulalamika. Basi mbona yashindwa na 1?

Jawabu liko katika namna inavyofanya kazi. Ndani ya diski ya namna hii mna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokwenda huku na huku juu yake kusoma na kuandika. Mkono ni mmoja kwa kazi zote. Ni kama karani wa stoo aliye peke yake, naye ameitwa na watu kumi katika vyumba kumi. Maikrofoni ya kwanza yataka kuandikwa hapa, ya pili pale, ya nane kule. Na wakati huo huo Windows yenyewe yatafuta faili zake, na programu ya kuzuia virusi nayo yachungulia kila kinachoandikwa. Kila safari ya karani huyu huchukua milisekunde 12, pengine 15 au zaidi, maana baada ya mkono kufika hapana budi kungoja sahani izunguke. Karani hachoshwi na uzito wa mizigo, huchoshwa na mbio.

Diski ya SSD haina sahani wala mkono. Ni vipande vya memori vilivyopangwa juu ya kibao, na kufika mahali po pote ndani yake huchukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ukiitia ndani ya mashine ile ile ya mwaka 2013, kwa waya ule ule wa SATA, yaweza kusoma megabaiti 500 kwa sekunde. Lakini hiyo hesabu ya 500 ambayo wauzaji huipigia kelele si kitu kwetu sisi wa maikrofoni nane. Kwetu faida ni kwamba karani hakimbii tena.

Iko faida nyingine isiyosemwa sana, nayo ni ukimya. Diski ya kuzunguka hunguruma kidogo na kutetemesha meza, na maikrofoni nzuri huusikia mtetemo huo. Sikiliza wimbo tulionasa sikukuu ya mwaka jana, pale kwaya inaponyamaza kabla ya itikio la mwisho: utasikia kitu kama nyuki ndani ya debe. SSD hainung'uniki. (Feni itabaki kunung'unika, kwa hiyo msiache kuiweka mashine mbali na maikrofoni.)

Tena wale wenzetu wanaotunga nyimbo kwa piano ya kompyuta watafurahi kuliko wote. Piano hiyo ni sauti za piano ya kweli zilizonaswa kibonye kwa kibonye, laini na kwa nguvu, nazo zaweza kujaza gigabaiti nyingi. Leo mtu akifungua kazi yake huweza kwenda kunywa chai akarudi. Nimewaona wakifanya hivyo.

Ni haki pia niseme SSD isiyoweza kuyafanya, maana watu wengi huuziwa kwa ahadi za uongo. Mwimbaji akijisikia katika vipokea sauti amechelewa nyuma ya mdomo wake, hilo si kosa la diski. Hutokana na kile kiasi cha sauti ambacho programu hukikusanya kabla ya kukitoa. Vipimo 512 ni kama milisekunde 11 za kungoja, vipimo 1,024 ni 21, na ukiongeza safari ya kuingia na kutoka mwimbaji ataudhika. Hilo hurekebishwa katika programu, na kwa kuwa na kifaa kizuri cha kuunganishia maikrofoni. Wala SSD haiiongezei prosesa akili: ukitia mwangwi wa kanisa kubwa juu ya kila sauti, mashine ya 2013 itaelemewa tu. Huyo ndiye anayehitaji kompyuta mpya. Sisi hatutii mwangwi; tuna ukumbi wetu unaotoa mwangwi wa bure, na mwingi kuliko tunavyotaka.

Mtu mwingine atasema kwamba Windows 10 iliachwa kutunzwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yetu haikubaliwi na Windows 11. Ni kweli. Walakini mashine ya kunasa sauti haina kazi yo yote katika intaneti, na tangu tuikate huko haijapata madhara. Tena iko Linux, na programu kama Ardour na Audacity, ambazo hazidai ada.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Miaka miwili iliyopita tulimwita mzee mmoja, aliyekuwa mlinzi wa shule yetu, mpigaji wa endingidi. Alikaa nasi alasiri mbili, akapiga nyimbo za kwao Busoga na kutueleza kila moja ilipigwa lini na kwa nini. Diski iliyokuwamo ndani ya mashine siku hizo ilikuwa imeanguka pamoja na mashine kutoka mezani wiki moja kabla, ikiwa inazunguka, na katika diski ya namna hiyo mkono huelea juu ya sahani kwa nafasi nyembamba mno kuliko unywele. Tuliiona yaendelea kufanya kazi, tukafurahi. Alasiri ya pili ikaanza kugonga, ka, ka, ka, na Jumatatu haikuwaka tena. Hatukuwa na nakala. Fundi aliifungua akatikisa kichwa. Tulipata fedha ya kununua diski nyingine iliyokwisha kutumika, ya kuzunguka vile vile, ndiyo hii inayotusumbua sasa. Mzee alirudi kwao. Mkono wake wa kulia umepooza, na upinde hawezi kuushika.

Ndugu zangu wa zamani, ninyi mwajua kuliko mimi thamani ya sauti iliyohifadhiwa. Hugh Tracey alinasa muziki wa ikulu ya Kabaka mwaka 1950 na tena 1952. Mwaka 1966 ikulu ya Mengo ikashambuliwa, na ngoma nyingi zikapotea pamoja na watu waliozipiga. Leo mtu akitaka kusikia jinsi wapiga ngoma wa ikulu walivyopiga pamoja kabla ya siku hiyo, husikiliza alichokinasa Tracey. Sisi tulikuwa na alasiri mbili za mzee wetu, na leo hatuna hata dakika moja.

Kwa hiyo nasema: SSD ya gigabaiti 500, na nakala. Msinielewe vibaya mkadhani SSD haifi. Haiogopi kuanguka kama ile nyingine, lakini yaweza kufa ghafula bila kugonga wala kuaga, na mara nyingi fundi hapati kitu ndani yake. Wala isiwekwe kabatini miaka mingi bila umeme kama sanduku la urithi, maana haikuumbwa kwa hilo. Wengine huogopa kwamba itachakaa kwa kuandikwa. Saa moja ya maikrofoni nane ni gigabaiti 4 hivi; tukinasa saa kumi kila juma, mwaka mzima ni terabaiti 2. Ziko diski za ukubwa huo ambazo watengenezaji huzipa dhamana ya kuandikwa terabaiti 300. Wajukuu wetu ndio watakaoshughulika na hesabu hiyo.

Nayo diski ya kuzunguka tutakayoitoa tusiitupe. Itiwe katika kasha dogo la USB, iwe ya nakala tu. Karani yule mzee asiyeweza mbio bado aweza kutunza daftari. Kila Jumamosi jioni kazi ya siku inakiliwe humo, kasha lifungiwe katika ofisi ya Mwalimu wa Muziki, mbali na mashine, ili mwizi mmoja au ajali moja isichukue vyote viwili. Na nakala ya tatu wapewe wanafunzi wa zamani waiweke mjini.

Kuibadili diski si kazi ya siku nzima. Huzimwa mashine, hutolewa betri, hufunguliwa skurubu chache kwa bisibisi ndogo, diski ya zamani huvutwa na mpya husukumwa mahali pake. Kabla ya hapo vyote vilivyomo hunakiliwa kwa waya wa USB; ila mimi napenda zaidi kuipakia programu upya, maana mashine yetu imebeba takataka za Senior 4 wanne waliokwisha kuondoka. Tukipata pia memori ya kuifikisha kutoka gigabaiti 4 hadi 8, itakuwa vizuri. Fedha itakayobaki, nayo itakuwa nyingi, inunue maikrofoni mbili nzuri, na nauli ya kwenda Busoga. Kule wako wengine wanaojua nyimbo zile, ingawa si zote.

Jambo moja juu ya kununua. Mkiona njiani diski ya terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana, piteni. Hizo huonyesha ukubwa wa uongo, nazo hupokea faili zako kwa tabasamu na kuzimeza. Nunueni dukani penye risiti, na siku hiyo hiyo diski ijazwe mafaili mpaka juu na kusomwa tena, ili ikiwa ni ya udanganyifu irudishwe mapema.

Vipimo ni hivi: inchi 2.5, unene milimita 7, ya SATA. Kaka ye yote aendaye Kampala kabla ya muhula kufungwa ampelekee habari Mwalimu wa Muziki. Bisibisi tunayo.