Kuku hakupoteza mkia, jamani

Nilipotea kidogo, testi zilinibana. Na moja imenipa 3 kwa 10. Swali lilikuwa: kwa nini mkia ulifupika kutoka dinosaria hadi ndege? Nikajibu kwa kujiamini, "kwa sababu hawakuuhitaji tena." Madesa yanasema hivyo, na karibu darasa zima tuliandika hivyo. Wiki nzima nikamlaumu mwalimu. Leo nakiri hadharani: hata hizo 3 nilionewa huruma.

Kilichonibadilisha ni chipsi kuku. Bumu limeingia, mimi na rumeti tukajipongeza. Nikabaki na kile kipande cha nyuma chenye mafuta. Ndani yake kuna kimfupa bapa kama kijembe: ni pingili za mwisho za mkia zilizoungana. Hapo ndipo yanaposhika manyoya ya mkia, na misuli iliyopo huyakunja na kuyakunjua. Ndiyo usukani na breki ya ndege anapotua. Mkia upo, ila umebadilishiwa kazi!

Zamani kazi ilikuwa nyingine. Kwa Tyrannosaurus, msuli mnene ulitoka mkiani hadi kwenye mfupa wa paja, ukauvuta mguu nyuma kila hatua. Mamba anao mpaka leo. Mkia pia ulisawazisha uzito. Ukiufupisha, uzito unahamia mbele, kwa hiyo kuku analaza paja na hatua yake inatokea zaidi kwenye goti kuliko kwenye nyonga. Watafiti wa Chile waliwafunga vifaranga mkia wa fimbo na kuubadilisha kadiri walivyokua. Matokeo yalitoka mwaka 2014: mapaja yalisimama zaidi na mwendo ukahamia nyongani. Mwaka 2015 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza halafu zikafikirisha.

Sasa mtu asiniambie "hawakuuhitaji." Mkia ulikuwa injini ya mguu! Ili ufupike, mwendo mzima ulibidi ubadilike.

Rumeti akadakia, "Basi mwanangu, ulifupika ili waruke." Nayo hapana. Archaeopteryx, ambaye mifupa yake ilijulikana Ujerumani mwaka 1861, aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Alikuwa na mabawa na manyoya, lakini mkia wake ulikuwa na pingili zaidi ya 20. Huko Liaoning, China, miaka kama milioni 125 iliyopita, Confuciusornis tayari alikuwa na kile kijembe, lakini hakuwa na feni ya manyoya. Baadhi yao walivaa manyoya mawili marefu kama utepe. Na Jeholornis, wa eneo hilohilo na nyakati za karibu, alikuwa na mabawa na bado anaburuta mkia mrefu wa mifupa.

Mnaona? Kijembe kilitangulia, kazi ya feni ikaja baadaye. Wenye mkia mrefu na wenye mkia mfupi waliishi zama moja. Hakuna ngazi iliyonyooka, na hakuna dinosaria aliyekuwa akijiandaa kuwa kuku. Neno "ili" ndilo linalotuponza: tunajua mwisho wa hadithi, tunadhani na wao waliujua.

Msimamo wangu: tuache kukariri sababu za mstari mmoja, zitatupa sapu. Wenye testi wiki ijayo, kabla ya kufungua madesa, chunguzeni sahani.

Naomba kuwasilisha.