Nani Atamkagua Nyani?

Wahenga walituonya tusimpelekee nyani kesi ya ngedere. Onyo hilo ndilo kiini cha usalama wa mitambo ya nyuklia. Nchini Japani, hadi mwaka 2012, idara iliyokagua mitambo ilikuwa ndani ya wizara iliyoupigia debe umeme huo huo. Baada ya maafa ya Fukushima, tume iliyoundwa na Bunge ilitamka mwaka 2012 kwamba ajali ile ilitokana na binadamu. Mwaka huo huo Japani ikaunda mamlaka huru ya ukaguzi.

Kenya imejifunza, angaa katika maandishi. Sheria za mwaka 2019 zilikabidhi ukuzaji wa kawi ya nyuklia kwa shirika la NuPEA, na udhibiti wake kwa mamlaka ya KNRA. Hata hivyo, ukuta huo hautoshi iwapo anayeishi karibu na hatari haioni taarifa ya mkaguzi.

Sisi wa Chewele twalijua hilo. Umeme wa Masinga na Kiambere huwaka mbali. Maji yakizidi mabwawani, huteremka kwetu. Mafuriko ya Mto Tana ya miaka 2018, 2023 na 2024 yaliwahamisha maelfu.

Kwa hivyo, kabla ya kuwekwa jiwe la msingi la mtambo wowote, sheria na ilazimishe kila ripoti ya ukaguzi isomwe barazani, kwa Kiswahili, mbele ya majirani wa mtambo huo. Mkaguzi asiyesikika na majirani, analinda nani?