Mastaa Wetu wa Texas na Video za Bastola: Kozi ya Kiki Hailindi Nyumba

Kuna dada mmoja maarufu mitandaoni, Mbongo aliyehamia Houston, Texas, na kujizolea mashabiki kwa video zake za mapishi na maisha ya mamtoni. Juzi kati karusha video yuko kwenye renji ya kulengea shabaha, kavaa viziba masikio vya pinki, bastola mkononi, anatoboa karatasi. Chini kaandika kwamba vibaka wa mtaani kwake wajipange, mama mwenye nyumba kashahitimu. Kozi yenyewe? Saa mbili. Hazijapita siku tatu, msanii mmoja wa Bongo Fleva aliyekwenda huko kwa shoo mbili naye katupia video yake, renji nyingine, pozi lile lile.

Mashabiki wamegawanyika. Wapo waliojaza makopakopa na moto, wapo waliosema Wabongo wakifika mbele wanajisahau. Ila pande zote mbili zimeruka swali lenyewe. Huyo dada hana kosa kuogopa. Mume wake anafanya kazi za usiku, yeye analala na watoto, na kwenye video nyingine alishaeleza kwamba jirani kavunjiwa mlango. Mama yeyote angetafuta njia. Swali ni kwamba kozi aliyochagua imemfundisha nini cha kumsaidia saa tisa usiku, taa zimezimwa, mlango wa nyuma unalia.

Jibu la kweli ni kwamba haijamfundisha kitu. Imempa picha nzuri, basi.

Tuanze na huyo msanii, maana lake ni zito zaidi na wengi hawalijui. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia nchini kwa visa ya muda kushika silaha ya moto au hata risasi. Visa ya matembezi, ya masomo, ya shoo, zote zimo humo. Sio kununua tu, hata kukodi dakika ishirini kwenye renji kunahesabika. Kuna misamaha michache, na unaojulikana sana ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Asiye na makaratasi kabisa ndio hana mlango wa kupitia. Mwenye grini kadi yeye anaruhusiwa, mradi hana makosa mengine yanayomzuia.

Sasa fikiria mwanafunzi wa Kitanzania au Kikenya pale Dallas anayeona video ya staa wake, anajichukua na washkaji zake wanakwenda renji Jumamosi. Anapiga risasi kumi, anaposti. Ushahidi kautengeneza mwenyewe, kauwekea na muziki. Kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni moja ya sababu za kumfukuza mgeni Marekani. Miaka minne ya ada ya wazazi inaondoka na video ya sekunde thelathini. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kozi ni hiki: mkufunzi anauliza hali ya uhamiaji ya mtu kabla hajampa silaha? Kama anauliza kadi ya benki tu, hapo sio shule.

Turudi kwa dada wa Houston, ambaye tuchukulie makaratasi yake yako sawa. Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 inaruhusu mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea, asiye na kizuizi cha kisheria, kubeba bastola bila leseni. Maana yake serikali haimlazimishi kusoma chochote. Wengi wanatafsiri hiyo kuwa kusoma hakuna haja. Ni kinyume chake. Pale ambapo hakuna anayekulazimisha kujua, ujinga unakuwa gharama yako mwenyewe.

Leseni ya kubeba bado ipo kwa anayeitaka, na watu wengi wanaichukua wakidhani ndiyo mafunzo ya kulinda nyumba. Darasa lake ni la saa nne mpaka sita, tena linaweza kusomwa mtandaoni. Baada ya hapo kuna mtihani wa risasi 50: ishirini kwa yadi 3, ishirini kwa yadi 7 na kumi kwa yadi 15. Sio mbaya, maana darasa linagusa sheria, kuepusha ugomvi na kuhifadhi silaha. Lakini ile karatasi ya mtihani haitembei, haipigi kelele, na nyuma yake hakuna kitanda cha mtoto. Nyumba za Marekani kuta zake za ndani nyingi ni mbao na bodi laini. Risasi ikikosa inapita ukuta na kuingia chumba cha pili. Mkufunzi ambaye hagusii kuta za nyumba ya mwanafunzi wake hafundishi ulinzi wa nyumba, anafundisha kutoboa karatasi.

Na hapa ndio kozi nyingi haziwajui watu wetu. Kozi ya kawaida inafikiria nyumba ya baba, mama na watoto wawili, wote wamelala saa nne. Nyumba ya Mswahili Houston sio hiyo. Shemeji anatoka zamu ya kulea wazee saa tisa usiku na ufunguo wake. Mpwa kaja wiki mbili zimegeuka miezi minne. Ijumaa kuna shughuli, watoto wa watu watano wamelala sebuleni kwenye magodoro. Mama mkwe kaja kwa visa ya matembezi kumlea mjukuu. Kwenye nyumba ya hivyo, mtu anayefungua mlango gizani karibu kila siku ni ndugu. Kwa hiyo somo kubwa kuliko yote ni kumtambua mtu kabla ya kufanya lolote: tochi, kuita jina kwa sauti, familia kuwa na neno lao la kuitikia, wote kujifungia chumba kimoja na kupiga 911. Kozi ikitumia nusu ya muda kwenye mambo hayo na nusu kwenye risasi, hiyo ilipiwe.

Anayeona hizo ni porojo akumbuke ya Kansas City, Missouri, Aprili 2023. Kijana mweusi wa miaka 16 alitumwa kuwachukua wadogo zake, akakosea mtaa, akabonyeza kengele ya nyumba isiyo yake. Mzee wa miaka 84 akampiga risasi ya kichwa kupitia mlango. Mungu saidia kijana akapona. Mzee alishtakiwa, Februari 2025 akakiri kosa la shambulio, akafariki kabla hajahukumiwa. Mzee alisema aliogopa. Bastola alikuwa nayo, shabaha alikuwa nayo. Kilichokosekana ni kile ambacho hakionekani kwenye video za mastaa. Na tuambiane ukweli, watoto wetu huko ndio wanaofanana na yule kijana.

Kitu kingine ni sefu. Tangu 2020 silaha za moto zimekuwa sababu namba moja ya vifo vya watoto na vijana Marekani. Texas inaweza kumshtaki mtu mzima aliyezembea mpaka mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia silaha yenye risasi. Juu ya kabati sio sefu. Chini ya godoro sio sefu. Mtoto anayejua pipi zimefichwa wapi anajua na bastola iko wapi. Mama mkwe wa visa ya matembezi naye asipewe ufunguo wala namba, hata kama ni mtu mzima wa heshima zake. Na zaidi ya nusu ya vifo vya silaha Marekani ni watu kujiua wenyewe. Upweke wa mamtoni, madeni na baridi vinajulikana. Mkufunzi mzuri anaweza kumuuliza mwanafunzi hali ya watu nyumbani kwake, na wakati mwingine akamwambia asinunue kabisa. Huyo ndiye wa kumwamini, maana kakubali kupoteza hela.

Kwa kifupi, anayechagua kozi apige simu kwanza na aulize. Darasani wanakuwa wangapi kwa mkufunzi mmoja? Sheria ya kujitetea nyumbani inafundishwa, au ni risasi tu? Kuna somo la kuzuia damu mtu akiumia? Mume na mke wanaweza kuja pamoja? Halafu aende kuangalia darasa moja kabla ya kulipa. Akimuona mkufunzi anapitisha mtutu mbele ya watu, au anaacha wanafunzi wanaweka kidole kwenye triga hawajalenga, ageuze gari. Na saa mbili hazimhitimishi mtu. Kulenga ni kama kuendesha gari, mkono unasahau.

Kabla ya hayo yote kuna vitu vya bei chee: taa ya nje inayowaka mtu akipita, kitasa kizuri, skrubu ndefu kwenye fremu ya mlango, kengele. Hivyo havihitaji visa wala leseni, na vinafanya kazi hata mwenye nyumba akiwa amelala.

Dada wa Houston ana mashabiki wengi na anasikilizwa. Akirudi na video ya pili akionyesha sefu yake, mpango wa familia yake na jina lake akiliita gizani kabla ya kufungua mlango, atakuwa amelinda nyumba nyingi kuliko ile ya kwake. Haitapata makopakopa mengi, lakini kuna shemeji atakayefika salama kutoka zamu.

Wadau, mnasemaje? Mlioko majuu, nyumbani kwenu mmepangaje?