Darasa Geuzi na Suala la Lugha katika Uhandisi wa Programu

Darasa geuzi ni utaratibu ambao mwanafunzi husoma maelezo au hutazama mhadhara uliorekodiwa kabla ya kipindi, na muda wa darasani hutumiwa kufanya kazi pamoja na mwalimu. Utaratibu huu ulipata umaarufu baada ya mwaka 2007, wakati walimu wawili wa kemia nchini Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walipoanza kuwarekodia wanafunzi wao masomo. Katika uhandisi wa programu manufaa yake ni dhahiri, kwani kuandika na kusahihisha programu ni stadi isiyopatikana kwa kusikiliza tu. Hata hivyo, katika vyuo vikuu vya Tanzania utaratibu huu unazua suala la lugha lisilopaswa kupuuzwa.

Isipokuwa katika somo la Kiswahili lenyewe, lugha rasmi ya kufundishia vyuoni ni Kiingereza. Lakini mhadhiri aonapo kwamba hakueleweka, mara nyingi huhamia Kiswahili, akafafanua, kisha akarejea Kiingereza. Ufafanuzi huo hauandikwi popote. Darasa geuzi huyahamishia maelezo mahali ambapo mhadhiri hayupo. Kinachobaki ni Kiingereza kitupu. Hivyo, utaratibu unaokusudiwa kumsaidia mwanafunzi dhaifu unaweza kumnyima msaada aliokuwa nao.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi kutoka Urambo, mkoani Tabora, anayesomea uhandisi wa programu katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Akitakiwa kubuni programu ya chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, ataelezwa habari za mizani, madaraja ya tumbaku na makato ya pembejeo kwa Kiswahili. Kosa katika kuyaelewa mahitaji hayo halirekebishwi na ustadi wowote wa kuandika programu.

Wako watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Historia ya Tabora yenyewe inapinga dai hilo. Katika karne ya 19, Kiswahili kilienea kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa sababu wapagazi na wafanyabiashara walikitumia kazini. Hawakungoja kwanza kamusi ikamilike. Aidha, mwaka 2004 mradi wa KiLinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili.

Haipendekezwi hapa kwamba Kiingereza kiachwe. Mhandisi anakihitaji, na lugha nyingi za kompyuta hutumia maneno yake. Linalopendekezwa ni kwamba kila mhadhara wa kujisomea uambatane na ufafanuzi wa Kiswahili na orodha ya istilahi, vikiandaliwa na idara za kompyuta na za Kiswahili kwa pamoja. Bila hayo, darasa litakuwa limegeuzwa kwa faida ya wale tu waliokwisha kuelewa.